Nusu ya Sindano

Maneno yenyewe niliyasikia bombani. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, ndoo zangu mbili chini, na mwanamke aliyenitangulia akawa anamsimulia mwenzake kwamba mtaa wa pili kuna mtoto amekufa kwa ushanga. Eti alikuwa akichezea shanga za dada yake, akatia mmoja puani, pumzi ikauvuta mpaka kwenye pafu, na mpaka mama mtu anagundua kuna nini, mtoto hayupo.

Nikauliza, "Mtoto wa nani huyo?"

Wakatazamana. "Hatumjui. Lakini ndivyo watu wanavyosema."

"Mtaa wa pili upande upi? Huku kwa kinyozi au kule kwenye ghala?"

"Dada, si nimekwambia ndivyo watu wanavyosema? Sogeza ndoo, foleni inatembea."

Nikasogeza ndoo. Maneno hayakusogea. Nilirudi nayo nyumbani, nikapika nayo, nikafua nayo, nikamchosha nayo mume wangu kwenye simu. Kila nikimtazama binti yangu naiona pua yake tu, vitundu viwili, kila kimoja kinatosha ushanga.

Huyo binti ana mwaka mmoja na miezi saba. Tunamwita Chiriku, maana tangu alijue neno la kwanza hajafunga mdomo. Na mdomo huo ukiacha kusema unatafuna: kijiti, soli ya kandambili, karatasi ya sabuni. Nami wiki hiyo hiyo nilikuwa na kopo zima la shanga ndani ya nyumba.

Shanga zilikuwa za bangili ya mama mkwe wangu. Tunaishi naye, mwaka wa nne sasa. Hatujawahi kugombana, ila hatujazoeana pia. Mbele za watu ananiita "mwanangu", na tukiwa wawili haniiti kitu. Alikuwa na bangili ya shanga nyekundu na nyeupe, aliivaa miaka mingi hata uzi ukawa mweusi, na siku moja akiwa anafua ikamkatikia kwenye beseni, shanga zikaenda na maji mtaroni. Tangu siku hiyo nikawa namwona kila saa anajishika kifundo cha mkono, anasugua pale palipo patupu. Nikasema moyoni, nitamtengenezea nyingine kwa mkono wangu mwenyewe, tena bila yeye kujua mpaka iishe.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi cherehani. Kibanda chake kipo mwisho wa mtaa wetu. Yeye ndiye aliyenipa shanga, uzi wa nailoni na sindano mbili za shanga, zile nyembamba kiasi kwamba ukiishika kwa nguvu inapinda, na tundu lake ukilitafuta lazima uelekee dirishani.

"Mbili za nini?" nilimuuliza.

"Wifi, hapa hushoni vifungo. Uzi mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Unatunga shanga tatu, halafu ule wa nne sindano zote mbili zinapita ndani yake, hii inatokea kulia, hii inatokea kushoto, zinapishana kama watu wawili mlangoni. Ukivuta, shanga nne zinakaa mraba. Unaanza tena."

"Na nikiwa natunga kwa hii, ile nyingine naiweka wapi?"

"Ichomeke popote, isikusumbue. Mimi huichomeka hapa." Akajipiga kifuani, na kweli blauzi yake ilikuwa na pini na sindano kama sita zinang'aa. "Ndiyo maana sina mchumba. Akinikumbatia tu anapiga yowe."

Tulicheka sana. Simlaumu, na yeye anajua simlaumu. Nataka tu, mama mwenzangu unayesoma, ulione neno lile lilivyopita katikati ya kicheko bila mtu kuligusa: popote.

Niliianza bangili Jumatatu mchana, Chiriku akiwa amelala na mama mkwe ametoka kwa jirani. Sebuleni kwetu kuna godoro dogo la sifongo tunalitandika chini, mbele ya mlango wa nje. Ndipo mtoto anapocheza, na ndipo penye mwanga mzuri. Nikakaa hapo, miguu nimeinyoosha, kopo mkono wa kulia, kitambaa cheupe mapajani ili shanga zisikimbie. Sindano moja nikaishika. Ya pili, ikiwa haina kazi, nikaichomeka kwenye ukingo wa godoro karibu na goti langu, imelala, ncha imechungulia juu kidogo. Nikitunga shanga tatu naichomoa, naipitisha kwenye ule wa nne, naichomeka tena. Baada ya safu kumi mkono ukazoea. Sikuwa hata natazama nachomeka wapi.

Nilichokuwa natazama ni shanga. Zile habari za bombani zilinifundisha kuogopa kitu kimoja, nami nikakiogopa kwa nguvu zangu zote. Kabla ya kuanza nazihesabu kumi kumi kwenye vizibo vya soda, na nikimaliza nazihesabu upya, zilizomo koponi na zilizokwisha kuingia kwenye bangili. Ukikosekana mmoja nafagia, takataka nazipitisha kwenye chekeche la unga, napiga tochi chini ya kabati. Mara mbili nilimlaza Chiriku mapajani nikammulika puani. Mara ya pili mama mkwe akanikuta.

"Unatafuta nini humo? Madini?"

"Namwangalia mafua tu, Mama."

"Mafua hayamulikwi. Yanashuka yenyewe."

Wifi naye alipita Jumatano akanikuta na vizibo vyangu nimevipanga mstari. "Haa! Umekuwa karani wa sensa? Haya nipe taarifa, wanaume wangapi, wanawake wangapi?"

"Wote wapo," nikamjibu, na nilikuwa natamba kweli.

Alhamisi Chiriku aliamka kabla ya wakati wake. Nilimsikia anateremka kitandani, miguu hiyo inakuja mbio, na mimi shanga zimetapakaa mapajani. Nikaruka. Nikakunja kitambaa pembe zote nne, shanga ndani, nikakamata bangili na uzi wake, nikasokomeza kila kitu koponi, kifuniko, juu ya kabati. Kisha nikapiga magoti nikapapasa sakafu na godoro. Nikapata ushanga mmoja, nikashukuru kama niliyeokota dhahabu. Jioni nikahesabu: mia mbili na kumi, hakuna uliopungua.

Nilihesabu vitu mia mbili na kumi, nikashindwa kuhesabu vitu viwili.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nasugua sufuria hapo nje ya mlango. Chiriku alikuwa anarukaruka kwenye godoro na kujiangusha kwa magoti, mchezo anaoupenda kuliko yote. Akaanguka mara ya kwanza, anacheka. Mara ya pili, anacheka. Mara ya tatu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Kilio cha kuanguka nakijua, na cha kunyang'anywa kitu nakijua. Hiki kilikuwa kifupi na kikali, kisha kimya, kisha kikaja kirefu.

Nilimnyanyua na mikono yangu ya masizi. Goti la kushoto, upande wa ndani, lilikuwa na alama nyekundu, ndogo kuliko ya kuumwa na kiroboto. Damu ya kusema ni damu hakuna. Nilipomsimamisha akakunja mguu juu kama kuku, akakataa kukanyaga. Na Chiriku, ambaye hata akiumia hulia huku anasimulia, hakusema neno.

Mama mkwe akatoka chumbani. "Amejigonga huyo. Weka maji jikoni, yawe ya moto wa kuvumilika, nimkande. Goti likikandwa mapema halivimbi."

Niliweka maji. Nakiri kwamba niliyaweka. Nikaenda kabatini kuchukua kile kitambaa cheupe, kwa sababu ndicho kilichokuwa laini. Nikafungua kopo, nikavuta kitambaa, na uzi wa bangili ukaja nacho. Ncha moja ilikuwa na sindano. Ncha ya pili ilikuwa tupu, uzi umechomoka kwenye tundu.

Nikashika kabati, nikahesabu moyoni mpaka tano, nikaenda kuzima jiko.

"Mama, tusimkande."

"Unasemaje?"

"Sindano yangu moja haionekani. Naomba goti hilo asiliguse mtu mpaka nijue iko wapi."

Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mimi nimelea watoto saba. Nimekanda na wa majirani. Leo wewe wa juzi unaniambia nisishike goti la mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Leo haligusi mtu."

Kwa miaka yote minne sikuwahi kumjibu hivyo. Maneno yalitoka yamenyooka. Akaketi kwenye kiti kwa kishindo, nikampakatisha mtoto, mguu nikaunyoosha juu ya mto. "Mshike hivyo hivyo, Mama, asiukunje." Alimshika. Alikuwa amenuna, lakini alimshika vizuri.

Nikampigia wifi. "Njoo na ile sumaku yako ya pini. Sasa hivi."

Wifi ana kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika mbovu ya redio. Kila akifunga kibanda hukipitisha sakafuni, kinazoa pini na sindano zote zilizodondoka. Alikuja mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Nikamweleza kwa maneno matatu. Uso wake ukabadilika, asitanie tena.

Tukapitisha sumaku juu ya godoro polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anapiga pasi. Kwenye ukingo, karibu na mahali ninapokaa, ikalia: tik. Kitu kikachomoka kwenye sifongo na kuganda kwenye sumaku. Nikakileta mlangoni penye mwanga.

Ilikuwa sindano, ila si nzima. Lilikuwepo tundu, na mwili kidogo, halafu imekatika, pale ilipokatika panang'aa upya.

"Alhamdu... imepatikana!" wifi akasema, akashusha pumzi.

"Imepatikana nusu."

"Pengine ilikuwa imekatika tangu mwanzo."

"Wifi, nimeshona nayo siku nne. Ingepitaje kwenye ushanga bila ncha?"

Nikachukua sindano nzima iliyobaki, nikailaza sambamba na ile nusu juu ya kipande cha boksi la dawa ya meno. Kilichokosekana kilikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hapo nikajua ninachokitafuta kina ukubwa gani, na ukishajua ukubwa wa kitu hukitafuti tena kwa kubahatisha.

Tukaligeuza godoro, tukapitisha sumaku upande wa pili. Nikachukua mkasi wa wifi, nikachana kitambaa chake, tukamega sifongo vipande vipande na kila kipande tukakipitishia sumaku. Tukapitisha sakafu nzima, nyufa za saruji, mkeka, nguo ya Chiriku, nguo yangu, ufagio. Tulizoa pini mbili za zamani, kichwa cha msumari na kishikizo cha sidiria. Ncha haikuwemo.

Nikasimama katikati ya sifongo zilizotapakaa. "Kama haimo humu ndani," nikasema, "basi imo gotini."

Wifi akainua sumaku. "Sasa si tuiweke hapo kwenye alama, iivute itoke?"

"Itaivuta ije wapi? Kama imelala ubavu ikageuka? Weka chini hiyo."

Simu ikalia. Alikuwa mume wangu, dereva wa malori, yupo safarini. Kumbe mama mkwe alikuwa amekwisha mpigia akiwa pale pale kitini, kwa mkono mmoja.

"Kuna nini huko? Mama anasema umechana godoro."

"Mtoto ana kipande cha sindano gotini. Nampeleka akapigwe picha."

"Umekiona?"

"Sijakiona. Ndiyo maana nataka picha."

"Sikiliza, wewe unajijua kwa wasiwasi. Juzi shanga, leo sindano. Msikilize Mama, mtoto akandwe, kesho mkiona bado..."

"Nimekusikia," nikasema, nikakata. Na kweli nilimsikia. Hata ningekuwa yeye ningesema vile vile, maana siku zote nne nilikuwa nimepiga kelele kwa jambo ambalo halikuwepo. Hayo ndiyo malipo ya wasiwasi wa ovyo: siku ukiwa na haki, kila mtu amekwisha kuuzoea.

Nilikata vipande viwili vya boksi, nikaviweka pande zote mbili za mguu, nikazungushia shuka bila kukaza, ili goti lisikunjwe njiani. Nusu ya sindano na ile nzima nikazibandika kwenye kile kipande cha boksi kwa utepe wa gundi, nikatia mfukoni. Mama mkwe akaniangalia ninavyofunga.

"Unakwenda kuaibika," akasema.

"Nitaaibika, Mama. Nikirudi na aibu tu nitashukuru."

Tukamwacha nyumbani, mimi na wifi tukaenda zahanati kwa miguu. Chiriku alikuwa begani kwangu, kimya, ananishika sikio.

Muuguzi wa zamu alikuwa dada mmoja mwenye haraka, na alikuwa na sababu ya kuwa na haraka, benchi lilikuwa limejaa. Akafungua shuka, akaitazama alama, akaleta kidole gumba abonyeze. Nikamdaka mkono.

"Usibonyeze, sista, nakuomba."

"Mama, hapa muuguzi ni nani?"

"Ni wewe. Ila aliyevunja sindano ni mimi."

Watu kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Huyu ameumwa na mdudu. Angalia, hakuna uvimbe, hakuna usaha. Nitakupa dawa ya kupaka, umrudishe Jumatatu."

"Mbona hakanyagi?"

"Watoto hudeka."

"Wangu akideka huongea. Huyu hajaongea tangu asubuhi."

"Mwingine!" akaita.

Sikuondoka. Nilitoa kile kipande cha boksi, nikakiweka juu ya daftari lake. "Sista, hii ni sindano nzima, na hii ni nusu. Nimechana godoro, nimepitisha sumaku nyumba nzima. Nionyeshe nusu ya pili ilipo, na mimi naondoka bila hata kuchukua hiyo dawa."

Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Mama wee, tuache na sisi tuugue." Wifi akamgeukia, "Babu, ugua taratibu, tunamaliza." Aibu ilinishika, nisikudanganye. Darasa langu ni la saba, na kila nikisimama mbele ya mtu mwenye sare nyeupe ulimi unakuwa mzito. Lakini nilikuwa nimekwisha kuipima ile nusu kwa ukucha wangu, na hiyo hakuna aliyeweza kuniambia sikuiona.

Muuguzi alilichukua boksi, akaliangalia muda mrefu. Akageuza upande wa pili, akalisogeza dirishani. Kisha akainuka, akaingia chumba cha daktari, na aliporudi alikuwa na karatasi.

"Hospitali kubwa, chumba cha eksirei. Mwambie fundi wa picha apige mbele na ubavuni, zote mbili. Na usimfungue hivyo ulivyomfunga." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Nani alikufundisha kumfunga?"

"Hakuna. Niliogopa tu."

Hospitali kubwa tulikaa mpaka jua likapita vichwani. Fundi wa picha alikuwa kijana mpole, akampa Chiriku glavu aliyoipuliza kama puto. Alipopiga ya mbele akasema haoni kitu, ni mfupa tu. Moyo wangu ukaanza kwenda upande wa wale wote walionicheka. Nikasema, "Karatasi imeandika na ubavuni."

"Najua, mama. Ndiyo inafuata."

Ya ubavuni alipoipiga akaniita nyuma ya kioo. Sijui kusoma picha za mifupa, lakini hiyo haikuhitaji mtu kunisomea. Kwenye kivuli cha goti la mwanangu kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umenyooka. Hakuna kitu mwilini mwa mtoto kilichonyooka namna ile.

Nikaweka ukucha wa gumba hewani mbele ya ile picha: urefu ule ule. Sikuhitaji, lakini niliuweka.

Daktari aliyetuona baada ya hapo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye paji la uso. Aliuliza swali moja kwanza: "Amekandwa?"

"Hapana."

"Amebonyezwa, amechokonolewa, mmejaribu kuitoa?"

"Hapana, dokta."

"Basi bado iko karibu na ngozi. Ingekandwa ingesukumwa kwenye maungio ya goti, na humo tungekuwa na maneno mengine kabisa. Tunaitoa leo."

Waliponichukulia mtoto mlangoni nilibaki na glavu yenye upepo mikononi. Wifi alikuwa amekaa sakafuni, anang'oa pini kwenye blauzi yake moja moja, anazitumbukiza kwenye kiboksi cha kiberiti. Zilipoisha akapapasa tena, akapata nyingine chini ya kola.

"Mimi ndiye niliyekwambia popote," akasema.

"Na mimi ndiye niliyechomeka."

"Wifi..."

"Kaa hivyo hivyo. Tukianza kulia sasa hivi hatutasikia akituita."

Hapo ndipo nikamwona mama mkwe anakuja kwenye korido, anauliza kila mlango, mfuko wa nguo za Chiriku kwapani. Wifi alikuwa amempigia simu, naye akaja peke yake, umbali wote ule. Akaketi kando yangu. Nilimpa ile picha. Akaishika juu-chini, nikamgeuzia, nikamwonyesha mstari. Aliutazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Maji yalikuwa yamekwisha chemka," akasema mwishowe.

"Yalikuwa, Mama."

"Nimekanda wangapi mimi."

Akanirudishia ile picha, akauliza, "Hiyo sindano ulikuwa unashona nini?"

"Bangili."

"Ya nani?"

"Yako."

Akajishika kifundo cha mkono, akakiachia. "Nani alikuomba bangili?"

"Hakuna aliyeniomba, Mama."

"Basi utaimaliza," akasema. "Mezani. Nami nitakaa na mtoto, mlango umefungwa, mpaka useme umemaliza na nizione sindano zote mbili kwa macho yangu."

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Kabla hatujamwona mtu tulisikia sauti, imelewa usingizi wa dawa lakini haina breki: mama, puto, bibi, puto, mama, hapana, hapana, puto. Wifi akaanza kulia pale pale, kwa sauti. Mama mkwe akamwambia anyamaze, huku yeye mwenyewe anajifuta kwa mfuko wa nguo.

Daktari alinipa ncha ile kwenye kichupa. Nikatoa boksi langu, nikaomba kuilinganisha, akanishikia taa. Pale ilipokatika hii palikubaliana na pale ilipokatika ile. Sindano yangu ilikuwa imekamilika. Ndipo nikaketi chini.

Chiriku anakimbia. Goti lina kovu la nyuzi mbili. Bangili niliimaliza wiki ya pili yake, kwa sharti la mwenyewe, naye anaivaa. Naandika haya kwa sababu wenzangu wengi sasa wanatunga shanga majumbani, wameketi chini kama nilivyoketi, watoto wakiwa pembeni. Nilichokosea mimi usikikosee wewe.

Usitunge shanga ukiwa umekaa kwenye godoro, kitanda au kochi. Kaa mezani.

Usichomeke sindano kwenye godoro, mto, pazia, mkono wa kiti wala nguo uliyovaa. Tafuta kipande cha sabuni au kizibo kikubwa cha mpira, ichomeke hapo tu.

Usiishike sindano kwa midomo, hata kwa dakika moja. Mtoto anaona.

Usianze kabla ya kujua una sindano ngapi, na usiinuke kabla ya kuzihesabu tena. Shanga hesabu baadaye.

Usitumie sindano iliyopinda. Inakaribia kuvunjika.

Usiache shanga kwenye chombo kisicho na kifuniko.

Usitegemee tu kwamba mtoto amelala, anaweza kuamka. Awepo mtu wa kumshika, au mlango ufungwe.

Mtoto akipiga ukelele ghafla na kukataa kukanyaga, usikande, usibonyeze, usichokonoe, usiweke sumaku.

Usitupe kipande cha sindano ulichokipata. Nenda nacho.

Usikubali kurudishwa nyumbani kama kipande kingine hakijaonekana.

Usione aibu kwenye foleni.